Samaki mpya aina ya beta anaingia kesho, maji ni ya kisima. Namzoesha vipi?

BintiKigamboni

Wakuu, habari za jioni. Kesho mchana nachukua beta dume mmoja Kariakoo, yule mwenye mkia wa pazia. Dukani anakaa kwenye kikombe cha plastiki, ukinunua wanamhamishia kwenye kimfuko cha nailoni chenye kama robo lita ya maji. Mpaka nivuke na kivuko nifike nyumbani haizidi saa moja na nusu.

Tangi ni la kioo, sm 40 kwa 20 kwa 25, yaani lita 20. Nimelijaza jana. Kuna kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, na changarawe kilo 2. Hita sina; asubuhi maji yanasoma nyuzi 27, mchana 29. Maji ni ya kisima: sabuni haitoi povu vizuri na ukionja kuna chumvi kwa mbali.

Muuzaji anasema mfuko uelee dakika 15 kisha nimimine. Mtandaoni wengine wanasema dripu saa mbili, yaani kumwongezea maji ya tangi tone kwa tone. Nifuate lipi, na kwa nini? Na kama beta ni mgumu kama wanavyosema, hawa wanaokufa siku ya tatu wanauawa na nini?

Fundi_Sponji

Karibu dada. Dakika 15 zinasawazisha joto, basi. Robo lita kwenye nailoni nyembamba inafikia joto la tangi ndani ya dakika 15 hadi 20, hapo muuzaji hajakosea. Lakini nailoni inapitisha joto, haipitishi chumvi wala haibadilishi pH (kipimo cha uasidi wa maji). Na kwa Dar, joto la dukani na la kwako halipishani sana, kwa hiyo kuelea ndiyo hatua yenye kazi ndogo kuliko zote kwenye habari yako. Maji ya kisima ndiyo yananitia wasiwasi.

Tafuta mita ya TDS, ile kalamu wanayotembea nayo mafundi wa mashine za kuchuja maji ya kunywa. Inasoma jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka. Tafuta pia kipimo cha pH na cha amonia (sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki), vile vya matone, siyo karatasi. Karatasi zikishakula unyevu zinadanganya. Pima tangi lako usiku huu. Kesho tumbukiza kalamu kwenye kikombe cha dukani kabla hujalipa. Ninavyoenda mimi: tofauti ya TDS ikiwa chini ya 100, elea dakika 20, mtoe, mweke. Ikiwa kati ya 100 na 300, dripu kama saa moja. Ikizidi hapo, usihangaike na samaki, rekebisha maji ya tangi yamfuate yeye. Mwili wa samaki hausawazishi chumvi kwa dakika 60. Figo na matamvua yanahitaji siku kadhaa, na dripu inapunguza tu ukali wa mshtuko wa kwanza.

Dripu yenyewe ni rahisi. Nunua seti ya dripu duka la dawa, ile yenye gurudumu dogo la kubana mrija. Mwage samaki na maji yake kwenye kopo safi la lita moja na nusu, refu kidogo, kisha ulielemeze upande maji yapate kina cha kumfunika mapezi. Tangi liwe juu, kopo chini. Seti ya kawaida inatoa matone 20 kwa mililita 1. Ukiweka matone mawili kwa sekunde unapata mililita 6 kwa dakika, yaani robo lita ndani ya dakika 40 na kitu. Maji yakishakuwa mara mbili, mwaga nusu ya maji ya kopo, endelea mpaka yawe mara mbili tena. Funika kopo kwa kitambaa. Beta anaruka, na anaruka vizuri.

Mwisho wa yote mtoe kwa mkono uliolowa au kwa kikombe kidogo. Kimia cha nyuzi ngumu kinanasa mapezi marefu na kuyachana. Maji ya kopo mwaga chini, usitie hata tone tangini.

Mkemia_wa_Ndoo

Naunga mkono, ila niongeze tahadhari kwa watakaosoma hapa wakiwa wanasubiri samaki wa basi la usiku.

Samaki aliyefungwa mfukoni saa 12 au zaidi anapumua na kunya humo humo. Kaboni dayoksaidi inajaa, pH inashuka, na amonia aliyotoa inakaa katika hali ya amoniamu ambayo haimdhuru sana. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na amoniamu inaanza kugeuka amonia kamili. Kwa nyuzi 25 na pH 7, amonia yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya jumla; kwenye pH 8 inapita asilimia 5. Maji yale yale, samaki yule yule, sumu imezidi mara kumi ndani ya dakika chache. Sasa mtu anafungua mfuko, anaweka dripu ya maji ya pH 8, anaenda kula. Anarudi samaki amelala ubavu, lawama zinaenda kwa aliyemtuma.

Kwa hiyo samaki wa safari ndefu: elea mfuko UKIWA UMEFUNGWA dakika 20, ufungue, mtoe mara moja, mweke kwenye maji uliyokwisha kuyaandaa yafanane na aliyotoka. Mwambie anayekutumia akupe TDS na pH mapema. Dripu ni ya samaki aliyekaa mfukoni saa moja au mbili, kama wa dada hapo juu.

Na swali la mwisho, wanauawa na nini. Ugumu wa beta unaeleweka vibaya. Ana kiungo cha labirinti, chumba chenye mikunjo ya mishipa ya damu juu ya matamvua, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Kwao Thailand, wanakomwita pla kat, anaishi kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya maji yaliyotulia, oksijeni ndogo, na kiungo hicho ndicho kinamvusha. Kinamwokoa na ukosefu wa oksijeni tu. Amonia inapitia matamvua kama kwa samaki yeyote na kuyaunguza. Ndiyo maana anakaa kikombeni wiki nzima akionekana mzima, kwa kuwa anavuta hewa ya juu, kumbe amonia inamuunguza.

MajiYaBomba

Nidandie uzi. Mimi natumia maji ya DAWASA, sina kisima. Kuyaacha kwenye ndoo siku moja kunatosha?

Mkemia_wa_Ndoo

Kama kilichotiwa ni klorini ya kawaida, ndoo wazi yenye mdomo mpana saa 24, au saa chache ukiweka pampu ya hewa, inatosha. Kama ni kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki hivyo, itabaki siku nyingi. Njia isiyo na kubahatisha ni sodiamu thayosalfeti, zile chembe nyeupe za maduka ya kemikali za maabara. Yeyusha gramu 10 kwenye mililita 100 za maji safi, weka chupa ya rangi nyeusi. Mililita 1 kwa kila lita 10, koroga, subiri dakika 5. Hiyo inakula karibu miligramu 1.4 za klorini kwa lita. Maji yakinuka klorini waziwazi weka mililita 2. Kwenye kloramini itavunja klorini na kukuachia amonia, hivyo pima.

Na wenye simtank: muulize mwenye nyumba kama anatia dawa ya kutibu maji. Maji ya kisima yaliyotiwa dawa hiyo ni sawa na ya bomba.

Kiputo254

Salamu kutoka Nairobi. Huko pwani mnajadili chumvi, huku shida ni baridi. Juni na Julai maji ya tangi lisilo na hita yanalala kwenye nyuzi 18 au 19, na beta anataka 25 hadi 28. Akiwa kwenye 19 hafi usiku huo. Analegea, hali, chakula kinaoza chini, na madoa meupe kama punje za chumvi yanafuata.

Kwa lita 20 hita ya wati 25 inatosha, chumba kikiwa baridi sana weka 50. Iwe na swichi ya joto ndani, na uweke kipimajoto upande wa pili wa tangi, usiamini namba iliyoandikwa kwenye hita. Washa siku nzima KABLA samaki hajafika. Ukimwelea kwenye maji ya 20 ukitegemea hita itampandisha, umemshusha kwanza ndipo umpandishe. Stima zikipotea, fungia tangi blanketi pande zote na uache mwanya juu.

Jambo moja linawahusu hata nyinyi wa Dar: kifuniko. Hewa iliyo juu ya maji iwe ya joto na unyevu kama maji, kwa kuwa anaivuta. Mkiwasha kiyoyozi usiku juu ya tangi lililo wazi, mnampulizia baridi kwenye labirinti.

BintiKigamboni

Asanteni sana. Vipimo: tangi TDS 980, pH 8.1, amonia 0. Kikombe cha dukani TDS 240, pH 7.2, na maji yake ni ya bluu. Amonia ya kikombe inasoma kama 2. Nimelipia, nimemwomba muuzaji anitunzie hadi kesho kutwa. Nafanyaje? Kwenye tangi amonia 0 angalau ni habari njema?

Fundi_Sponji

980 dhidi ya 240, umefanya vyema kumwacha. Hiyo bluu ni methilini bluu, wanatia kuzuia ukungu na kuoza mapezi. Haimdhuru, ila ikiingia tangini inapaka gundi ya kona na inasumbua bakteria wa sponji. Sababu nyingine ya kutomimina.

Amonia 0 kwenye tangi lisilo na samaki haina maana yoyote, dada. Hakuna anayeitoa. Hesabu inaanza siku atakapoingia, na ndiyo inayoua siku ya tatu hadi ya kumi. Narudi hapo.

Kwanza maji. Punguza kisima kwa maji ya mvua. Yaliyokingwa vizuri huwa na TDS ya 20 hivi. Pima ya kwako. Yasiwe ya mvua ya kwanza ya msimu, hiyo iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati. Huna mvua, tumia maji ya kunywa ya madumu makubwa, ila yapime, mengine yametiwa madini.

Halafu tangi lako siyo lita 20. 40 × 20 × 25 ni lita 20 likijaa pomoni. Beta anahitaji sm 5 za hewa chini ya kifuniko, kwa hiyo maji yanafika sm 20: lita 16. Changarawe kilo 2 inakula karibu lita moja. Una lita 15, na dawa yoyote utakayotia siku za mbele ipime kwa hizo 15. Watu wanazidishia dozi kwa theluthi nzima kwa kusoma namba ya kwenye boksi.

Kwa lita 15: kisima lita 4.5, mvua lita 10.5. (4.5 × 980 + 10.5 × 20) ÷ 15 = 308. Changanya kwenye ndoo kubwa, tia pampu ya hewa usiku mmoja, pima TDS na pH tena. Natarajia pH ishuke kwa kuwa bikaboneti, madini yanayoishikilia pH juu, imepungua. Ikitulia popote kati ya 7 na 7.8, usiiguse. Beta anaivumilia pH isiyohama kuliko pH nzuri inayopanda na kushuka. Andika uwiano huo ubaoni, kila utakapobadilisha maji ni 3 kwa 7. Usije ukajaza kisima kitupu siku ukiwa na haraka.

Hapo tofauti na duka ni chini ya 100. Elea dakika 20, mtoe, mweke. Dripu huihitaji tena.

Mkemia_wa_Ndoo

Na angalia ungefanya nini kama ungefuata "dripu saa mbili" kwa vipimo vya mwanzo. Amonia 2 kwenye pH 7.2 na nyuzi 28, sumu kamili ni kama 0.02. Maji hayo yakisogea kuelekea 8.1, kila miligramu ya amonia inakuwa na sumu mara saba au nane. Dripu inaizimua amonia, ndiyo, lakini pH inapanda haraka kuliko inavyozimuliwa. Samaki angekaa katikati ya vita hivyo saa mbili nzima kwenye kopo.

Fundi_Sponji

Sasa siku ya tatu hadi ya kumi. Bakteria wanaokula amonia wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu inayoziba damu isibebe oksijeni. Kundi la pili linageuza nitraiti kuwa nitreti, hiyo unaitoa kwa kubadilisha maji. Njia ya mkato ni moja tu ninayoiamini: omba kwa mtu mwenye tangi zima la miezi kadhaa, lisilo na ugonjwa, akupe kipande cha sponji yake au akukamulie uchafu wake wa kahawia ndani ya tangi lako. Sponji isafiri ikiwa imelowa, isikae juani. Usiombe dukani, huko utapewa na vimelea.

Ukikosa, unaanza na samaki ndani, kwa nidhamu. Siku ya kwanza hakuna chakula. Kuanzia siku ya pili punje 2 asubuhi. Baada ya wiki, 2 asubuhi na 2 jioni. Tumbo la beta ni dogo. Pima amonia na nitraiti kila siku, ikigusa 0.25 badilisha theluthi, lita 5, kwa maji ya uwiano ule ule na joto lile lile. Hata isipogusa, badilisha lita 5 kila baada ya siku mbili wiki tatu za mwanzo. Sponji usiioshe chini ya bomba. Ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Kwa nitraiti una bahati kidogo. Kloraidi inashindana nayo kwenye mlango wa matamvua, na maji yako ya kisima yaliyo na ladha ya chumvi yanaibeba. Usiongeze chumvi juu yake.

Pampu ya hewa ibane ipige polepole. Ukiona mkia unapepea kama bendera akiwa amesimama, mkondo ni mkali.

Mkungu_Pwani

Mmesahau majani ya mkungu, na yameanguka kila kona hapo Kigamboni! Wafugaji wa Thailand wanayatumia miaka na miaka. Okota yaliyokauka yenyewe mtini na kuanguka, ya kahawia au mekundu, mbali na barabara na mahali panapopuliziwa dawa. Osha, anika yakauke kabisa, mwagia maji ya moto, ukiyaacha dakika 10. Jani moja la kati kwa lita 15 zako. Maji yanakuwa rangi ya chai nyepesi. Likianza kuwa wavu baada ya wiki mbili au tatu, toa weka jingine. Jani bichi usitie. Pia atalilalia, beta anapenda kulala juu ya kitu karibu na uso wa maji.

Mkemia_wa_Ndoo

Sawa kwa kivuli na kwa kumtuliza. Ila wasikudanganye kwamba jani litashusha pH ya kisima. Bikaboneti ikiwa nyingi inameza asidi ya jani moja bila kutikisika. Kwenye mchanganyiko wa 3 kwa 7 litasogeza kidogo, kwa hiyo litie siku mbili kabla ya samaki, siyo siku moja naye.

BintiKigamboni

Ameingia leo saa kumi jioni. Ndoo ilisoma TDS 305, pH 7.6, jani limo tangu juzi, na nimepata sponji ya jirani. Taa nimezima. Sasa ni saa tatu usiku, amejificha nyuma ya kichujio, mapezi ameyafunga kama mwavuli, rangi imepauka, na kila baada ya muda anapanda juu kuchukua hewa. Nimtoe?

Fundi_Sponji

Usimtoe. Kufunga mapezi na kupauka ndani ya saa 24 hadi 48 ni kawaida. Kupanda kuchukua hewa ni kazi ya labirinti. Kinachotakiwa kukushtua ni akibaki juu mdomo wazi bila kushuka, matamvua yakipiga haraka na ndani yake ni mekundu sana, au akijikwaruza kwenye changarawe. Hapo pima amonia kwanza, kabla ya dawa yoyote.

Kesho usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa, mmulike na tochi kutoka ubavuni. Ukiona vumbi la dhahabu juu ya magamba karibu na kichwa, ni vimelea vya velveti, uje hapa tukupe dozi ya lita 15. Usipoliona, weka zile punje 2 asubuhi yake, na ukikuta amezitema mara moja au mbili kabla ya kumeza, ndivyo wanavyokula.

Kioo cha kumfanya ajifutue usimwonyeshe wiki hii, hata watoto wakiomba.